Jinsi ya kusimulia maisha ya waziri mwenye kesi bila kumhukumu wala kumsafisha: mfano wa Jack Warner wa Trinidad

Makala yangu ya kwanza ya redio kuhusu Jack Warner ilikosea kwenye sentensi ya kwanza. Nilimwita hewani "waziri wa zamani wa Trinidad na Tobago aliyefungwa kwa rushwa za FIFA." Kipindi hakijafika katikati, simu ya studio ikaita. Alikuwa mzee mmoja wa Chumbageni, hapahapa Tanga, karani wa mahakama mstaafu. Hakufoka. Aliuliza tu: "Mwanangu, amefungwa gereza gani, na hakimu gani?"

Sikuwa na jibu, maana jibu halipo. Warner, aliyewahi pia kuwa makamu wa rais wa FIFA, alishtakiwa Marekani mwaka 2015, akajisalimisha polisi mjini Port of Spain, akalala mahabusu usiku mmoja wakati taratibu za dhamana zikikamilishwa. Mahakama ya jinai iliyomtia hatiani haipo. FIFA ndiyo iliyomfungia maisha, Septemba 2015, asijihusishe tena na soka. Kufungiwa na kufungwa: herufi moja tu imeruka, na mtu mzima nimempeleka jela mbele ya wasikilizaji wote wa asubuhi ile.

Juma lililofuata nilisoma masahihisho, kisha nikaenda barazani kwa mzee nikiwa na kaunta buku. Shikamoo haijapoa, akaniambia nichore mistari. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoandaa makala ya kiongozi yeyote mwenye kesi, na ndivyo nitakavyokuonyesha hapa. Nitatumia Warner mwanzo hadi mwisho, kwa sababu maisha yake yana kila kitu: mpira, siasa, barabara, fedha, mahakama, na wananchi waliompigia kura hata baada ya yote hayo.

Chora safu nne kabla hujaandika neno

Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili, nani amesema. Ya tatu, ngazi. Ya nne, yeye mwenyewe alijibu nini. Safu ya nne ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo itakayokuokoa siku mtu akipiga simu.

Ngazi ni nne: tuhuma, uchunguzi, mashtaka, hukumu. Tuhuma ni neno la mtu. Uchunguzi ni pale chombo chenye mamlaka kimekaa, kikaita watu na kukusanya karatasi. Mashtaka yamefika mahakamani na yana namba ya kesi. Hukumu imetolewa baada ya pande zote kupewa nafasi ya kusikilizwa. Aliye ngazi ya kwanza na ya pili ni mtuhumiwa (Kenya utasikia mshukiwa), wa tatu ni mshtakiwa, na ni hukumu peke yake inayokuruhusu kusema "alikula rushwa" bila kumtaja aliyesema. Ngazi nyingine zote zinadai mwenye neno: "waendesha mashtaka wa Marekani wanadai", "kamati ilieleza", "fulani aliiambia mahakama". Usione uvivu kurudia. Msikilizaji aliyefungua redio dakika ya saba hakusikia ulichosema dakika ya pili.

Kuna vitu viwili ambavyo havikai sawasawa kwenye ngazi hizo, navyo vyote viwili vimo kwenye maisha ya Warner. Cha kwanza ni kukiri. Mwaka 2013 wanawe wawili walikiri makosa mbele ya mahakama Marekani, na mwaka huohuo Chuck Blazer akakiri pia. Blazer alikuwa katibu mkuu wa CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi, wakati Warner akiwa rais wake tangu mwaka 1990. Kukiri kwa mtu wa karibu ni habari nzito, iandike, lakini ni kwa kinywa cha aliyekiri na kwa makosa yake. Usimbebeshe baba dhambi ya mwana kwa kiunganishi kizembe.

Cha pili ni kesi ya madai. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimwamuru Warner ailipe CONCACAF takriban dola milioni 79 za Marekani, baada ya yeye kutojitetea katika shauri hilo. Hiyo ni hukumu, ndiyo, lakini ya madai. Ukiisoma hewani bila neno "madai", kila mtu ataelewa jinai.

Jaza safu kwa tukio moja, polepole

Chukua bahasha. Ni Mei 10, 2011, hoteli ya Hyatt Regency, Port of Spain. Viongozi wa vyama vya soka vya visiwa vya Karibi wamekusanyika kumsikiliza Mohammed bin Hammam wa Qatar, anayegombea urais wa FIFA dhidi ya Sepp Blatter. Kwa maelezo ya waliokuwepo, baada ya hotuba wajumbe waliambiwa wapite chumba fulani, mmoja mmoja, wakachukue zawadi. Fred Lunn, makamu wa rais wa chama cha soka cha Bahamas, akapewa bahasha ya kaki. Alipoifungua akakuta dola 40,000 za Marekani, taslimu, zimefungwa vibunda vinne. Akawasiliana na rais wake, akazipiga picha zile noti, akairudisha bahasha ilikotoka.

Hebu angalia kilichotokea hapo. Sijamwita mtu yeyote mla rushwa, lakini umeviona vibunda. Kitu kinachoonekana, chenye mtu aliyekiona na saa aliyokiona, hakihitaji kivumishi. Niliposikiliza tena ile makala yangu ya kwanza nilihesabu maneno "kashfa", "ufisadi", "uozo" na "aibu" mara kumi na moja, na bahasha sikuitaja hata mara moja.

Sasa endelea na safu. Blazer alimpa wakili wa Marekani kazi ya kukusanya maelezo ya wajumbe: uchunguzi. Mei 29 kamati ya maadili ya FIFA ikawasimamisha Warner na bin Hammam: bado uchunguzi. Juni 20 Warner akajiuzulu nyadhifa zake zote za soka, na FIFA ikafunga jalada lake ikisema dhana ya kutokuwa na hatia inabaki palepale. Bin Hammam alifungiwa maisha, kisha Julai 2012 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifuta adhabu hiyo kwa kuwa ushahidi haukutosha, huku ikisema wazi kwamba haijamtangaza kuwa hana kosa. Mwisho wa mwaka huo FIFA ikamfungia tena kwa mambo mengine. Warner, safu ya nne: amekana kila mara kufanya kosa.

Mstari wa FIFA kufunga jalada utakuudhi. Uliniudhi mimi. Uweke hivyohivyo.

Dola ni ya nani?

Mzee aliniuliza swali hili nikadhani anatania. Trinidad na Tobago wana dola yao, na moja ya Marekani huchukua zaidi ya sita za kwao. Dhamana ya Warner mwaka 2015 ilikuwa dola milioni 2.5 za Trinidad, yaani takriban 400,000 za Marekani. Mimi nilikuwa nimesema milioni mbili na nusu, basi, na kila msikilizaji akapiga hesabu zake za shilingi na kupata mlima usiokuwepo. Andika jina la nchi kila mara unapotaja dola. Kila mara.

Wakati mwingine udogo wa fedha ndio habari yenyewe. Novemba 16, 2005, mjini Manama, Dennis Lawrence aliruka juu na kuifunga Bahrain kwa kichwa, na Trinidad na Tobago, nchi yenye watu milioni moja na laki tatu hivi, ikaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kisiwa kizima kilikuwa kikisubiri tangu Novemba 19, 1989, siku walipohitaji sare tu nyumbani dhidi ya Marekani, uwanja ukajaa kupita kiasi kwa tiketi zilizouzwa kuzidi nafasi, na Paul Caligiuri akawafunga bao moja. Katibu wa chama cha soka wakati ule wa tiketi alikuwa Warner. Mwaka 2006 alikuwa mshauri maalumu wa shirikisho la soka la nchi hiyo. Wachezaji waliocheza Kombe hilo Ujerumani walisema waliahidiwa nusu ya mapato ya kibiashara. Walichopewa kwanza kama mgawo wa kila mmoja kilikuwa dola 5,644 na senti 8 za Trinidad, chini ya dola 900 za Marekani. Walienda kwenye usuluhishi London na mwaka 2008 wakashinda.

Soma namba hiyo hewani na senti zake nane. Kisha nyamaza sekunde mbili. Mmoja wa wachezaji wale, beki Brent Sancho, aliteuliwa kuwa Waziri wa Michezo wa nchi yake mwaka 2015.

Usiache mpira umeze uwaziri

Hapa ndipo makala nyingi kuhusu Warner zinapolegea, hata za magazeti makubwa ya Ulaya. Zinamwita "waziri" kwenye kichwa cha habari halafu hazisemi alikuwa waziri wa nini. Msomaji ana haki ya kujua alifanya nini alipokuwa akilipwa na wananchi.

Warner, mwalimu wa historia kwa taaluma, aliingia bungeni Novemba 2007 kwa jimbo la Chaguanas West, kupitia chama cha UNC. Chama hicho kimejengwa juu ya kura za Watrinidad wenye asili ya India. Warner ana asili ya Afrika. Usilipite jambo hili haraka, kwa sababu katika siasa za kule si dogo. Mei 24, 2010, muungano ulioongozwa na Kamla Persad-Bissessar ulishinda uchaguzi na yeye akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Warner alipata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote nchini, akapewa wizara ya ujenzi na uchukuzi. Kwa mwaka mzima alikuwa waziri huku bado ni makamu wa rais wa FIFA, na wapinzani walihoji inawezekanaje mtu mmoja kutumikia mabwana wawili.

Juni 2012 akahamishiwa Usalama wa Taifa. Siku chache tu baadaye, Juni 27, askari walibomoa kambi ya wananchi waliokuwa wakipinga kipande cha barabara kuu kati ya Debe na Mon Desir, kusini mwa kisiwa. Walisema barabara itapasua vijiji vyao na kuharibu ardhi oevu. Waziri alikuwepo pale. Kiongozi wao, mhadhiri Wayne Kublalsingh, alikamatwa, na kuanzia Novemba mwaka huo alikaa bila kula siku 21 nje ya ofisi ya waziri mkuu.

Hakuna dola hata moja katika mgogoro huo. Kwangu mimi ndio unaomwonyesha Warner waziri kuliko bahasha zote: anataka kazi ionekane imefanyika leo, na anayesimama njiani asogee. Ukimwelewa hapo utaelewa pia kwa nini watu walimpenda.

Na walimpenda kweli. Aprili 19, 2013, mjini Panama, kamati iliyoongozwa na Sir David Simmons, jaji mkuu wa zamani wa Barbados, iliwasilisha ripoti yake CONCACAF. Ilieleza kwamba kituo cha michezo cha Macoya, kilichojengwa kwa mamilioni ya dola ya FIFA, kilikuwa kwenye ardhi ya kampuni za Warner wakati CONCACAF ikiamini ni mali yake yenyewe. (Uchunguzi, ngazi ya pili. Alikana.) Siku mbili baadaye akatoka kwenye baraza la mawaziri, kisha akaachia ubunge na kuunda chama chake, ILP. Julai 29 ulifanyika uchaguzi mdogo jimboni kwake. Serikali yote ilihamia Chaguanas West kumpinga. Warner alipata zaidi ya kura 12,000, mgombea wa chama chake cha zamani kama 5,000.

Ukifika hapa usiandike kwamba wananchi walidanganywa. Ni maneno ya dharau, na ni uvivu. Warner alikuwa na sifa ya mbunge anayepokea simu, anayefika mtaro ukiziba, ambaye ofisi yake ya jimbo haikosi watu. Mtu aliyetengenezewa barabara mlangoni kwake ana ushahidi wake mkononi, na ripoti ya Panama imeandikwa na watu asiowajua kuhusu kituo asichokanyaga. Weka yote mawili mbele ya msikilizaji. Weka pia kwamba mwaka 2015, katika uchaguzi mkuu, aligombea jimbo la Chaguanas East na kushindwa.

Dola milioni 10 za Afrika Kusini

Sehemu hii wasikilizaji wetu huifuata zaidi, kwa sababu inatugusa. Aprili 2004 Nelson Mandela, akiwa na umri wa miaka 85, alisafiri hadi Trinidad kusaidia kampeni ya kuleta Kombe la Dunia Afrika. Mei 15 ya mwaka huo Afrika Kusini ikapewa fainali za 2010. Mwaka 2008 FIFA ilituma dola milioni 10 za Marekani, zilizotokana na fedha za maandalizi hayo, kwenye akaunti zilizokuwa chini ya Warner. Waendesha mashtaka wa Marekani wanadai yalikuwa malipo ya kura. Blazer, katika kukiri kwake, alisema yeye na wengine walikubali kupokea rushwa kuhusiana na uteuzi huo. Serikali ya Afrika Kusini imekana, ikisema zilikuwa fedha za kusaidia soka kwa watu wenye asili ya Afrika walioko Karibi.

Nilipoandaa toleo la pili mhariri wangu alitaka tuondoe maelezo ya Afrika Kusini kwa kuwa "hayaaminiki". Nilimwomba tuyabakize, na nashukuru alikubali. Kazi yetu ni kusema fedha ziliondoka wapi, zikafika wapi, na kila upande unaziitaje. Msikilizaji wa Pangani ana akili ya kupima mwenyewe.

Hakikisha karatasi kabla hujaishika mbele ya kamera

Mwishoni mwa Mei 2015, siku chache baada ya kukamatwa kwa viongozi wa FIFA Zurich, Warner mwenyewe alitoa video ya kujitetea. Mkononi alikuwa na karatasi ya habari iliyodai kwamba FIFA imeipa Marekani Kombe la Dunia la dharura mwaka huohuo, naye akaitumia kama ushahidi wa unafiki wa Wamarekani. Habari ilitoka The Onion, gazeti la mzaha la Marekani ambalo kila habari yake ni ya kutunga. Jambo hilo huchekesha watu, lakini mimi hulitumia kufundishia vijana wa studio: mtu aliyekaa FIFA karibu miaka thelathini alishindwa kuuliza karatasi imetoka wapi. Sisi tunaopokea picha za WhatsApp kila asubuhi tuulize mara mbili.

Kesi inaitwaje kwa Kiswahili

Angalia pia neno la kumpeleka mtu akashtakiwe nchi nyingine. Wengi husema "kurejeshwa Marekani". Warner si Mmarekani, hakutoroka Marekani. Hawezi kurejeshwa asikotoka. Sema "kupelekwa Marekani kujibu mashtaka". Alilipinga jambo hilo mahakama baada ya mahakama hadi Baraza la Faragha mjini London, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Trinidad, kama lilivyokuwa kwa Afrika Mashariki zama za Waingereza. Novemba 2022 alishindwa huko. Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Port of Spain, ikiangalia kasoro katika makubaliano ya nchi hizo mbili yaliyotegemewa kumpeleka, ikasimamisha mchakato wote.

Kwa hiyo usitunze faili lako kama limekwisha. Acha karatasi nyeupe mwisho wa kaunta buku. Sentensi yangu ya kwanza nimeiandika upya mara tano tangu simu ile, na ya sasa nilimsomea mzee barazani kabla ya kuipeleka hewani. Inasema: "Jack Warner, mwalimu wa historia aliyekuwa mbunge na waziri wa Trinidad na Tobago, aliyefungiwa na FIFA maisha, alishtakiwa Marekani mwaka 2015 kwa madai ya rushwa ambayo ameyakana, na mwaka 2025 mahakama ya nchi yake iliamua asipelekwe huko."

Mzee aliomba niirudie. Nikairudia. Akaniambia niseme "FIFA, shirikisho la soka la dunia", kwa sababu bibi yake anasikiliza pia.